Pimbi na Ada ya Masikio

Hapo zamani za kale, ila si za kale kiasi mnachodhani, maana simu zilikuwa zimeshaingia porini na kila mnyama anajua kubofya, palikuwa na nchi iitwayo Majabalini. Huko aliishi Pimbi mmoja, jina lake Somoe. Najua ninyi mlikuwa mnamsubiri Sungura. Sungura yumo, lakini leo kazi yake ni kulia tu, kwa hiyo tulieni.

Somoe Pimbi alikuwa mdogo wa umbo. Mkia hana, shingo ya kuhesabika hana, na ukimwona kwa mbali unadhani ni jiwe limeota manyoya. Lakini sauti alikuwa nayo. Akipiga ukelele juu ya jabali, ng'ambo ya mto wanaulizana kuna msiba wa nani. Aliishi juu ya jabali hilo na ukoo wake mzima, ndugu arobaini na kitu, wote wakilala wamebanana kifua kwa mgongo ili wapate joto. Ndiyo desturi ya pimbi tangu na tangu, hakuna anayelala peke yake.

Chini ya jabali, kwenye majani marefu ya kando ya mto, alikaa jirani yake na rafiki yake wa chanda na pete, Mwanakombo Kanga. Wakati huo Kanga alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili. Mwaka uliotangulia mto ulifurika mchana kweupe ukamzolea mayai yake yote, hata moja halikusalia, na Kanga alikaa mwezi mzima hasemi na mtu. Ukimuuliza kwa nini karudi kutaga palepale, atakwambia kanga hutaga majanini, na majani yako mtoni; huko juu jabalini hakuna hata unyasi wa kujifichia kichwa.

Sasa sikilizeni shida yake ilipokuwa. Mayai yakihamishwa mapema yanapoa, na yakipoa yamekufa. Yakichelewa kuhamishwa, mto unayabeba. Kanga alihitaji kujua siku yenyewe ya maji kuja, na ikiwezekana saa yenyewe.

Habari hiyo ilipatikana. Huko juu unakotoka mto aliishi Korongo, ndege mwenye subira, na kila siku alipiga picha ya jiwe lililosimama katikati ya maji akairusha mtandaoni. Maji yakiwa miguuni mwa jiwe, ni amani. Yakifika shingoni, wa huku chini wana nusu siku ya kujiokoa, basi.

Mtandao wenyewe ulikuwa mmoja nchi nzima, wa Bwana Tembo. Mnara wake ulikuwa Twiga, aliyesimama kilimani kutwa na waya umefungwa kwenye pembe zake. Twiga akikuelekea, unapata mtandao. Akikupa kisogo, simu yako inabaki kuwa tochi. Na bando la wiki lilikuwa kibaba kimoja cha karanga, unapeleka mwenyewe ghalani kwa Tembo.

Kanga alikuwa na simu, lakini karanga angezitoa wapi na yeye habanduki kwenye kiota? Kwa hiyo Somoe alinunua bando lake, akaiacha simu yake juu ya jabali imewashwa, na simu ya Kanga kule chini ikawa inanyonya humo humo. Watu wa Majabalini waliita hivyo kumegea, kama unavyommegea mwenzako tonge la ugali. Kutwa nzima Kanga akawa anaatamia mayai yake huku simu imeegemezwa kwenye majani, anaangalia jiwe la Korongo. Moyo wake ukatulia.

Haukutulia siku nyingi.

Tembo alikuwa na msimamizi wake, Kifaru, mwenye macho mabovu na pua isiyokosea. Siku moja alipita mtoni akanusa simu ya Kanga, akanusa tena, akaona ina mtandao na haina bando. Akafuata harufu mpaka juu ya jabali, akaikuta simu ya Somoe inanyonyesha. Aligeuka akaenda kwa bwana wake mbio, vumbi likimfuata nyuma.

Kesho yake mbiu ya mgambo ikalia, na ikilia kuna jambo. Wanyama wakakusanyika uwanjani mbele ya ghala la Tembo. Tembo akatangaza sheria mpya, Ada ya Kumegea: kila simu itakayonyonya kwenye simu ya mwenzake, mwenye bando atatoa kibaba cha pili kwa kila wiki.

Ngojeni kwanza niwaeleze desturi ya Majabalini, msije mkapotea. Huko, sheria mpya ni kama chungu cha mgeni. Aliyekipika anaonja kwanza mbele ya macho ya watu, ijulikane kwamba hakuna sumu. Sheria ikisema mtu alipe, basi mtunga sheria ndiye wa kwanza kulipa. Na kilichoonjwa hakirudi chunguni: karanga anazotoa haziingii tena ghalani, zinaliwa palepale na waliohudhuria. Babu yake Tembo aliifuata desturi hiyo, na baba yake, na kuivunja ni kutangaza mwenyewe kwamba umetia sumu.

Tembo hakuogopa. Aliwasha simu yake akammegea Kifaru, akatoa kibaba kimoja cha karanga, wanyama wakagawana moja moja. Tembo akacheka mpaka tumbo likatikisika. Kibaba kimoja kwake ni kile kinachobaki kwenye jino.

Somoe akasimama. Ndugu zake walimvuta manyoya akae, hakukaa.

"Shikamoo, Bwana Tembo. Nina swali," alisema. "Nikija kwako nikanunua kibaba cha unga, nikaondoka nao, ule unga ni wa nani?"

"Marahaba. Ni wako."

"Nikasonga ugali, nikamkatia jirani yangu tonge. Huku ghalani kwako kuna unga umepungua?"

"Unga ni unga, mtandao ni mtandao."

"Na mtandao nimeununua kwa kibaba hichohicho. Mwanakombo akinyonya kwangu, bando linaloisha upesi ni langu. Wewe, bwana mkubwa, kinakupungukia nini?"

Tembo alikohoa, akasema ni kwa ajili ya shingo ya Twiga, kwamba simu zikiwa nyingi shingo yake inachoka. Wote wakageuka kumtazama Twiga kilimani. Twiga alikuwa anatafuna majani ya mgunga, na kwa uso wake ilionekana ndiyo kwanza anasikia habari za kuchoka kwake.

Kuna waliocheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtia Tembo hasira. Akasema asiyetaka kulipa asimegee. Na atakayemegea kwa siri, Twiga ataligeuzia kisogo jabali zima mpaka mvua ziishe.

Somoe alirudi nyumbani na hasira. Kibaba cha pili hakuwa nacho, na hata angekuwa nacho, angekitoa kwa moyo gani? Alilipia kitu, kikawa chake, na sasa anaambiwa akilipie tena kwa sababu amekuwa na jirani. Akafika mtoni, akamweleza Kanga yote.

Kanga akasema, "Zima tu, shoga yangu. Wasije wakakukatia na wewe. Mimi nitanusa maji."

"Mwaka jana ulinusa?"

Kanga akaangalia mayai yake, machozi yakamlengalenga. Somoe akajuta kusema vile.

"Kaa juu ya mayai yako," akamwambia. "Sijashindwa mimi."

Akazima. Sheria ilisema simu zisinyonyane, na simu hazikunyonyana. Lakini sheria haikusema lolote juu ya midomo. Asubuhi iliyofuata Somoe alipanda ncha ya jabali, akafungua picha ya Korongo, akavuta pumzi, akapiga ukelele: "Kwiiii! Maji yako miguuni mwa jiwe!" Adhuhuri akarudia. Alasiri akarudia. Kule chini Kanga anasikia kila neno, anatulia.

Ila sauti haichagui mlango wa kuingia. Ngiri akasikia akiwa shambani. Kobe akasikia, Digidigi akasikia, Sungura akasikia akiwa shimoni. Wakaanza kuja wenyewe chini ya jabali saa za habari, wengine na watoto, wengine na mishono yao mkononi. Somoe akawa anawasomea na mengine: bei ya mtama, nani kazaa, nani kaachwa. Wengi wakajiuliza wananunua bando la nini. Wiki ile foleni ya ghalani kwa Tembo ikawa fupi, na wiki iliyofuata haikuwa foleni tena, alikuwa Fisi peke yake.

Kifaru akatumwa kuchunguza. Akanusa simu zote za chini ya jabali, moja baada ya moja. Zote zimezimwa. Akabaki kanyong'onyea, hajui aandike nini. Ndipo Tembo alipoagiza Somoe aletwe.

Tembo alimpokea barazani kwake, ameketi, masikio yakimpepea taratibu maana jua lilikuwa kali. Pwa, pwa, pwa. Hakumkaribisha kiti. Alimwambia amesikia kuwa ana redio siku hizi, na kwamba yeye si mjinga. Sheria ya pili iko njiani: kila sikio litakalosikia habari iliyotoka kwenye bando lisilo lake, litalipa kibaba. Na jabali litakalokaidi litapewa kisogo.

Somoe aliogopa. Kanga ana masikio mawili na hana karanga hata ya kudanganyia. Akikaidi, mtandao utakatika, na hakuna wa kujua maji yako wapi. Akitii, Kanga hasikii. Kwa njia zote mbili mayai yanakwenda na maji. Alisimama pale, na kwa kukosa pa kuweka macho akayaweka kwenye masikio ya Tembo.

Pwa, pwa, pwa, yanakwenda na kurudi, makubwa kuliko mikeka. Na Tembo hata hayatazami. Angeyatazamaje? Yako nyuma ya macho yake. Tangu azaliwe hajawahi kuyaona hata siku moja.

Somoe akainamisha kichwa, akalainisha sauti, akaanza kulalamika kinyonge. Alisema bwana mkubwa ana haki yake, hapo habishi. Kinachomuuma ni uonevu wa kipimo. "Mimi sikio langu hili, ukilifunika na karanga mbili halionekani. Sungura lake linakwenda mpaka mgongoni. Tulipe sawa? Mwenye sikio kubwa si ndiye anayesikia kingi?"

Tembo akaacha kupepea. "Endelea."

"Lipimwe kila sikio. Lilazwe mkekani, lifunikwe karanga mpaka lisionekane. Kitakacholifunika, ndiyo ada yake. Sisi wenye vijisikio tutatoa chetu, na wenye masikio yao watatoa chao."

Tembo akafumba macho, akaanza kuwapitisha kichwani: Sungura, Punda, Tandala, Mbweha, Popo na ukoo wake mzima pangoni. Mate yakamjaa. Lakini hakuwa mjinga wa kutupwa. Alifumbua jicho moja akamuuliza Somoe kwa nini anampa shauri jema hivi, yeye aliyemwaibisha uwanjani.

"Kwa sababu mimi na ukoo wangu tutalipa kidogo," alisema Somoe. "Wengine watajijua."

Jibu hilo Tembo alilielewa, kwa sababu ndilo ambalo angelitoa yeye. Akamwona Somoe ni mwenzake. Hapo Somoe akaongeza, kana kwamba amekumbuka tu akiwa anaondoka, kwamba ada mbili zitawachanganya watu na kumpa Kifaru kutwa nzima ya ubishi. Kwa nini asiifute ile ndogo ya simu, akaweka moja kubwa mahali pake?

Tembo akamwita Kifaru akamuuliza anaonaje. Kifaru, ambaye macho yake hayakufika hata kwenye masikio ya bwana wake, akasema anaona vizuri sana.

Mbiu ikalia siku ileile, kwamba kesho kuna Ada ya Masikio, kila sikio kwa ukubwa wake, na shauri limetoka kwa Pimbi. Jamani, matusi aliyoyapata Somoe! Alipopita njiani Punda alimtemea mate. Sungura alimwita msaliti mbele ya wanawe. Kilichomchoma zaidi ni Kanga. Alipofika mtoni, Kanga hakumwangalia. Alisema tu, "Nawe, Somoe," akageuzia uso upande wa maji.

Somoe angeweza kumweleza. Midomo ilikuwa inamwasha. Lakini majani ya mtoni yana wambea, na neno moja lingemfikia Kifaru kabla ya jua kuzama. Akalimeza, akapanda jabali lake.

Kesho yake, kabla jua halijapanda sana, uwanja ulijaa. Kanga peke yake ndiye hakuja, yuko juu ya mayai yake, lakini mto hauko mbali na uwanja. Kifaru akapuliza baragumu. Tembo akasimama akatangaza kwamba Ada ya Kumegea imefutwa kuanzia leo, na mahali pake inasimama Ada ya Masikio. Wazee wakatikisa vichwa kukubali kuwa wamesikia, maana huko sheria ikishafutwa mbele ya baragumu hairudishwi tena. Aliyetapika halambi matapishi yake.

Palepale simu ya Somoe ikalia. Picha ya Korongo.

Alipoiona alishtuka. Hakuwa amepanga hivyo. Alikuwa amekusudia kusoma habari yoyote tu, hata bei ya mtama, ili mtego ufyatuke. Lakini maji yalikuwa shingoni mwa jiwe. Hata shingo yenyewe haikuonekana vizuri.

Akaruka juu ya kichuguu, akapiga ukelele ambao haujasikika tena Majabalini mpaka leo.

"Kwiiiii! Maji yako shingoni! Shingoni, Mwanakombo! Ni leo!"

Kule mtoni majani yakatikisika. Kanga amesikia. Uwanja mzima umesikia. Sungura alijiziba masikio kwa mikono miwili, lakini habari imeshaingia. Tembo alikuwa wa kwanza kutabasamu. Sheria ina dakika moja tu tangu itangazwe, na tayari kila aliyepo anadaiwa.

"Kifaru, lete mkeka," alisema. "Tuanze na Sungura."

Sungura akaangua kilio.

"Bado," alisema Somoe. Hakupiga kelele safari hii. "Mpishi hajaonja."

Sauti moja nyuma ikasema ni kweli, aonje. Ikawa mbili, ikawa kumi, ikawa uwanja mzima unaimba, "Aonje! Aonje!" Tembo akacheka kama alivyocheka mara ya kwanza, akaagiza kibaba kiletwe. Akajilaza ubavu kwa madaha, sikio la kulia akalitandaza mkekani.

Mkeka haukutosha. Ukaletwa wa pili. Ukaletwa wa tatu.

Kifaru akamwaga kibaba cha kwanza. Karanga zilikaa pembeni kidogo, hata inzi angezihesabu. Akamwaga cha pili, cha kumi, akaacha kibaba akachukua kapu, akaacha kapu akachukua gunia. Karanga zikaanza kulifunika sikio upande wa chini. Jua nalo likapanda, joto likamshika Tembo, na sikio la tembo likishikwa na joto halimuulizi mwenyewe.

Pwa!

Karanga zikaruka kama mvua. Wanyama wakazidaka juu kwa juu. Tembo akapiga kelele zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshaingia vinywani, na kilichoonjwa hakirudi chunguni. Kifaru akaanza upya.

Somoe hakubaki kutazama. Alikuwa ameshawapigia mluzi ndugu zake, na pimbi ishirini na wanne walikuwa wanateremka mtoni mbio. Kanga alipowaona hakuelewa. Somoe akamwambia, "Utanitukana baadaye. Ondoka juu ya mayai." Kila yai wakalichukua pimbi wawili, kifua kwa kifua, yai katikati, joto la huyu na joto la yule, wakaanza kupanda jabali ubavuubavu kama kaa. Mayai kumi na mawili, jozi kumi na mbili. Nyuma yao Kanga anakimbia huku na huku, anawasihi wasibane sana, wasilegeze sana, waangalie miguu. Ilikuwa kazi ya pole pole, na kila hatua Somoe aliusikiliza mto.

Yai la mwisho lilipofika juu, alishuka tena mbio kwenda uwanjani.

Alimkuta Tembo amelala vilevile, jasho linamtoka. Sikio limefunikwa isipokuwa ncha moja ya juu. Kifaru alitoka ghalani na gunia tupu begani, ameinamisha pembe.

"Bwana," alisema, "limebaki ghala lenyewe."

"Kwangua sakafu."

"Nimekwangua."

Tembo alipiga hesabu. La kulia halijaisha, na la kushoto liko chini ya kichwa chake linasubiri zamu. Akasema basi, inatosha, imeonekana hakuna sumu, waendelee na Sungura.

Somoe akasogea mpaka karibu na jicho lake. Alikuwa na matope mpaka tumboni, na pumzi zilikuwa hazijamrudia. Hofu aliyokuwa nayo barazani jana yake aliitafuta hakuiona.

"Inatosha ndiyo nini, Bwana Tembo? Umemaliza, au imekushinda? Chungu kilichomshinda mpishi hakiandaliwi wageni. Kama umemaliza, funika ile ncha. Kama imekushinda, sema."

Tembo akatazama huku na huku akimtafuta wa kumtetea. Kifaru alikuwa anakagua gunia tupu kwa makini sana.

"Imenishinda," Tembo alinong'ona.

"Sema kwa sauti. Wengine hapa tuna masikio madogo."

"Imenishinda!" Tembo aliunguruma, akainuka kwa ghadhabu, na karanga zote zilizokuwa sikioni zikamwagika uwanjani. Watu wakazila. Ada ya Masikio ikafa siku iliyozaliwa, na ile ya Kumegea ilikuwa imeshazikwa asubuhi na mwenyewe aliyeizaa. Hapakubaki hata moja.

Alasiri maji yakaja. Yalikuja na magogo na matope, yakayafunika majani marefu yote, na mahali palipokuwa na kiota pakawa mto. Juu ya jabali Kanga alikuwa ameyaatamia mayai yake katikati ya pimbi arobaini, anayahesabu kwa miguu, moja mpaka kumi na mawili, halafu anaanza tena. Somoe alipokaa karibu naye, Kanga alimwegemezea kichwa begani. Alimwomba radhi, Somoe akamwambia anyamaze asije akayapoza mayai.

Na msidhani Somoe aliacha kununua bando. Jumatatu yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ghalani, na nyuma yake walisimama wote waliokuwa wamemwita msaliti. Alikuja na kibaba chake cha karanga, kimejaa, hakikupungua hata moja. Tembo akakipokea bila kumwangalia, akangoja, kwa mazoea, kama kuna kingine kitafuata.

"Kimoja," alisema Somoe. "Kitu ni kimoja, nimekilipia mara moja. Nitakayempa ni shauri langu."

Akageuka akaenda zake, na ukelele wa habari za asubuhi ukasikika nchi nzima.

Anayetunga sheria ya kuwabana wadogo, aipime kwanza kwenye mwili wake mwenyewe.

Hadithi yangu naiachia hapo. Mliyoyasikia ni yenu sasa; nendeni mkawamegee wenzenu, na anayewadai ada mleteni kwangu.